Uzi: Kabla ya kumgombeza mtoto kwa fedha zilizokatwa na gemu, kagua akaunti anayochezea

Mleta uzi

Wazazi wenzangu na walezi, habari zenu.

Mjadala kuhusu watoto na michezo ya mtandaoni huanzia mara nyingi kwenye adabu ya mtoto. Fedha zimekatwa, mtoto ameitwa, amekana, amekiri, na simu imefungiwa kabatini. Baada ya siku kadhaa simu inarudi mikononi mwake, akaunti ni ileile, kadi ya benki ingali imehifadhiwa humo humo, na hakuna kilichobadilika isipokuwa mtoto amejifunza kuficha. Hoja ninayoileta ni kwamba jambo la kwanza la kusimamiwa ni akaunti na njia ya malipo, na kwamba mazungumzo ya malezi, ambayo siyadharau hata kidogo, huwa na nguvu zaidi yakifanyika mlango wa fedha ukiwa umekwisha kufungwa.

Ni vyema kwanza tuelewe michezo hii inapata wapi fedha zake. Mingi kati ya ile inayopendwa na watoto, kama vile Roblox na Fortnite, haiuzwi. Mtoto huipakua na kuanza kucheza bila kulipa chochote. Mapato hutokana na vitu vinavyouzwa ndani yake: mavazi ya mhusika, ishara za kucheza ngoma, uwezo wa kuendelea haraka, au pasi ya msimu inayofungua zawadi kadiri mtu anavyocheza. Vingi kati ya vitu hivyo havina bei ya fedha halisi. Vina bei ya sarafu ya mchezo, Robux kwa Roblox na V-Bucks kwa Fortnite, na sarafu hiyo ndiyo inayonunuliwa kwa fedha. Kwa njia hiyo kitendo cha kulipa hutenganishwa na kitendo cha kuchagua, na mtoto anapobofya kitu cha sarafu 800 haoni fedha ya mzazi ikitoka, bali anaona tarakimu ikipungua kwenye pembe ya skrini, kama zilivyo tarakimu nyingine nyingi za mchezo zinazopanda na kushuka bila madhara yoyote.

Kuna hila nyingine ndogo ambayo wazazi wengi hawaitambui. Sarafu huuzwa kwa vifurushi, na mara nyingi ukubwa wa kifurushi haulingani na bei ya kitu kinachotakiwa, kwa hiyo mtoto hubaki na salio lisilotosha kununua chochote cha maana. Salio hilo ndilo sababu ya ombi linalofuata: “Nimebakiza kidogo tu nipate ile nyingine.” Juu ya hayo, duka la ndani ya mchezo hubadilisha bidhaa zake mara kwa mara na huonyesha saa inayohesabu kurudi nyuma, na mtu mzima mwenye akili timamu hupata taabu kukataa jambo linaloelekea kutoweka, sembuse mtoto wa miaka tisa.

Nasisitiza hili kwa sababu si mzazi peke yake anayelalamika. Mwaka 2014 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na Apple kwamba irudishe angalau dola milioni 32.5 kwa wateja waliotozwa kutokana na ununuzi wa watoto, na mwaka huohuo Google ilikubali kurudisha angalau dola milioni 19. Kiini cha malalamiko dhidi ya Apple kilikuwa hiki: mzazi akishaingiza nenosiri mara moja, dirisha la dakika 15 lilifunguka ambalo ndani yake mtoto aliweza kununua bila kuulizwa tena, na mzazi hakuelezwa. Katika mashtaka hayo alitajwa mzazi ambaye binti yake alitumia dola 2,600 katika mchezo mmoja wa wanyama. Kisha Desemba 2022 ikaja kesi ya Epic Games, watengenezaji wa Fortnite, waliokubali kulipa jumla ya dola milioni 520: milioni 275 kwa kukiuka sheria ya faragha ya watoto, na milioni 245 za kurudishwa kwa wateja. FTC ilidai kwamba vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya wachezaji watozwe kwa kubofya mara moja tu, hata walipokuwa wakijaribu kuuamsha mchezo uliolala au wakitazama tu bidhaa, na kwamba kwa muda watoto waliweza kununua sarafu kwa kadi iliyohifadhiwa bila idhini ya mwenye kadi.

Kwa hiyo mzazi anayemwita mtoto wake mwizi kwa sababu ya kitufe kimoja anapaswa kujiuliza kitufe hicho kiliwekwa pale na nani, na kwa faida ya nani.

Sasa nije kwenye akaunti yenyewe. Kosa kubwa lililo la kawaida ni mtoto kuchezea akaunti ya mtu mzima, ama kwa sababu simu ni ya mzazi, ama kwa sababu wakati wa kujisajili mwaka wa kuzaliwa ulidanganywa ili mchezo usisumbue. Umri ukishadanganywa, kinga zote zilizowekwa kwa ajili ya watoto huzimika zenyewe. Epic, kwa mfano, ina akaunti maalumu za watoto ambazo haziruhusu kununua kwa fedha halisi wala kuzungumza na wachezaji wengine mpaka mzazi atoe idhini, lakini akaunti hizo hupewa yule tu aliyetaja umri wake wa kweli. Mtoto awe na akaunti yake, yenye tarehe yake ya kuzaliwa, iliyounganishwa na akaunti ya mzazi kama familia. Kwa simu za Android hilo hufanyika kupitia Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia akaunti ya mtoto, na kwa vifaa vya Apple kupitia mpangilio wa familia, ambamo kila ombi la mtoto la kununua au kupakua huweza kutumwa kwenye simu ya mzazi likubaliwe au likataliwe. Mashine za michezo za PlayStation, Xbox na Nintendo nazo zina mipangilio yao ya mzazi, na Roblox humwezesha mzazi aliyeunganisha akaunti yake na ya mtoto kuweka kikomo cha matumizi kwa mwezi.

Tahadhari moja ambayo naiona ikisahauliwa: idhini ya manunuzi ya Family Link huhusu malipo yanayopita katika mfumo wa malipo wa Google Play pekee. Mtoto akifungua tovuti ya mchezo kwenye kivinjari na kulipa huko kwa kadi, au akitumia kadi iliyohifadhiwa ndani ya akaunti ya mchezo wenyewe, ombi halitafika kwako. Ndiyo maana kufuta kadi zilizohifadhiwa ni kazi ya kufanya zaidi ya mahali pamoja: kwenye duka la programu, kwenye kivinjari, na kwenye kila akaunti ya mchezo.

Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini, lakini naona unatupa kazi ya kuwa mafundi wa kompyuta ili makampuni yaendelee kuvuna. Kwa nini tusikate mzizi? Wachina waliona mbali: tangu Septemba 2021 watoto wa chini ya miaka 18 huruhusiwa kucheza mtandaoni saa moja tu, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mzazi naye anaweza kupiga marufuku nyumbani kwake bila kumwomba mtu ruhusa, na hatahitaji kujua Family Link ni kitu gani.

Mleta uzi

Mkuu, haki ya kupiga marufuku unayo, na kwa mtoto mdogo sana huenda ndilo jibu sahihi. Shaka yangu ni kwa mtoto mkubwa. Korea Kusini iliweka sheria mwaka 2011 iliyowazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza michezo ya kompyuta ya mtandaoni kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na sheria hiyo ikaondolewa Januari 2022. Watoto walikuwa wakiingia kwa vitambulisho vya wazazi wao, na uchezaji wenyewe ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye simu, ambako sheria haikuwafuata. Unaona basi kwamba tunarudi palepale: ni akaunti ya nani?

Kuhusu China, saa za kucheza ndizo zinazozungumzwa sana, ilhali kanuni ya 2019 ina jambo ambalo mimi naliona la maana zaidi kwetu. Iliweka kikomo cha fedha kwa kufuata umri: aliye chini ya miaka 8 haruhusiwi kulipa kabisa, wa miaka 8 hadi chini ya 16 asizidishe yuan 50 kwa mara moja wala yuan 200 kwa mwezi, na wa 16 hadi chini ya 18 asizidishe yuan 100 kwa mara moja na 400 kwa mwezi. Hata kama huzipendi sheria hizo, mpangilio wake unaigika nyumbani. Kikomo kimewekwa mara mbili, kwa muamala na kwa mwezi, na kinapanda kadiri mtoto anavyokua. Familia nyingi zina kikomo kimoja tu, nacho ni hasira ya baba.

Mchangiaji wa tatu

Naomba msaada wa haraka, ndugu zangu, kwa sababu mimi maji yamekwisha mwagika. Mwanangu ana miaka tisa na amenunua vifurushi vya sarafu mfululizo kwa kadi yangu, naye anaapa kwamba alidhani zile ni pointi alizozishinda. Nimeliandikia duka husika na nikajibiwa kwa ujumbe wa mashine. Rafiki yangu ananishauri niende benki moja kwa moja nikayapinge malipo yote. Nifanye hivyo?

Mleta uzi

Dada yangu, pole. Usianzie benki. Ukianza na benki kupinga malipo, kampuni ya mchezo inaweza kuifunga akaunti na mtoto akapoteza kila kitu, pamoja na vile vilivyonunuliwa kihalali zamani. Katika kesi ile ya Epic, mojawapo ya malalamiko ya FTC lilikuwa hilohilo, kwamba waliopinga malipo yasiyo halali walifungiwa akaunti zao. Anza na aliyekutoza. Kama malipo yamepitia Google Play, omba kurudishiwa ndani ya saa 48, maana muda huo ukipita kwa kawaida utaelekezwa kwa mtengenezaji wa mchezo. Kama ni Apple, kuna ukurasa wao wa kuripoti tatizo la ununuzi, ambao unakutaka uchague sababu, na mojawapo ya sababu zilizoorodheshwa ni kwamba mtoto alinunua bila ruhusa. Chagua hiyo, usichague nyingine kwa kudhani ina uzito zaidi.

Eleza kwa ufupi: umri wa mtoto, tarehe, namba ya kila risiti, na hatua uliyochukua kuzuia lisirudie. Hiyo sehemu ya mwisho ina uzito, kwa sababu duka likiona kadi bado imeachwa wazi linaweza kukusamehe mara moja na kukataa mara ya pili. Mwambie mtoto asizitumie sarafu zilizobaki, kwa kuwa kilichotumika ni vigumu kurudishiwa. Fortnite, kwa mfano, huruhusu kubatilisha ununuzi wa baadhi ya vitu ndani ya saa 24 iwapo havijatumika, lakini kinachorudi hapo ni V-Bucks, si fedha. Jibu la mashine nalo lisikukatishe tamaa. Omba ombi lako lipitiwe upya, na ulielekeze pia kwa mtengenezaji wa mchezo. Milango hiyo yote ikifungwa, hapo kwenda benki kutakuwa haki yako, nawe utakwenda ukiwa na maandishi mkononi.

Na huyo mtoto wa miaka tisa, mimi ningemwamini. Mchezo unaomwaga pointi za bure kila dakika na kuuza nyingine zenye rangi hiyohiyo haumpi sababu ya kutofautisha.

Mchangiaji wa nne

Mimi nina kijana wa miaka 14, na kwake tatizo si sarafu bali yale masanduku ya bahati, unalipia bila kujua utapata nini. Anaweza kufungua kumi akitafuta mchezaji mmoja wa kandanda. Nikimwambia hiyo ni kamari anacheka, ananiambia kwenye kamari unapoteza ila hapa kila sanduku lina kitu ndani. Nikiri kwamba sikupata la kumjibu papo hapo.

Mleta uzi

Kijana wako anabishana vizuri, na hayuko peke yake. Mamlaka na mahakama zenyewe zimegawanyika. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba masanduku ya kulipia katika michezo kadhaa, ikiwamo ule wa kandanda wa FIFA 18, yanavunja sheria ya kamari. Nchini Uholanzi mamlaka ilifuata njia hiyo na kuitoza EA, watengenezaji wa FIFA, faini ya yuro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya utawala ikaifuta, kwa hoja kwamba masanduku yale ni sehemu ya mchezo mpana wa ustadi na si mchezo wa bahati unaosimama peke yake. Australia haikungoja ubishi huo uishe: tangu Septemba 2024 mchezo mpya wenye masanduku ya kulipia hupewa angalau daraja linaloshauri wenye miaka 15 na kuendelea. Na Januari 2025 kampuni inayouza mchezo wa Genshin Impact ilikubali na FTC kulipa dola milioni 20 na kutowauzia masanduku hayo walio chini ya miaka 16 bila idhini ya mzazi.

Mimi nisingebishana naye kama ni kamari au la. Ningemwomba anionyeshe ukurasa wenye uwezekano wa kupata kile anachokitaka, maana michezo mingi huuchapisha, halafu tukae tupige hesabu. Kitu chenye uwezekano wa asilimia moja hakipatikani kwa hakika baada ya masanduku mia moja. Takriban mtu mmoja kati ya watatu atafungua yote mia na asikione. Kijana wa miaka 14 anaweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe kwa kikokotoo: 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara mia huleta kama 0.37. Kisha azidishe masanduku mia kwa bei ya sanduku moja, kwa fedha halisi na si kwa sarafu ya mchezo. Hesabu aliyoipiga kwa mkono wake haina haja ya kutetewa na mzazi.

Kabla ya kupakua mchezo mwingine, tazameni alama zilizo kwenye ukurasa wake. Mfumo wa Marekani wa kupanga madaraja ya michezo, ESRB, tangu 2020, hutaja waziwazi iwapo manunuzi ya ndani yanahusisha vitu vya kubahatisha, na mfumo wa Ulaya wa PEGI nao una alama ya manunuzi. Wazazi wengi husoma namba ya umri na kuishia hapo.

Mchangiaji wa tano

Niongeze mawili kutoka upande wa wenye watoto wakubwa. La kwanza, mtoto hanunui mavazi ya mhusika kwa sababu ni mazuri tu. Kwenye Fortnite anayevaa vazi la bure la mwanzo hutaniwa na wenzake, na kwa mtoto wa miaka 12 utani huo unauma kama unavyouma utani wa viatu. Ukimwambia kwamba ni picha tu, unasema kweli, lakini hukumsikiliza. Nyumbani kwangu tulikubaliana kiasi cha mwezi, kinachowekwa kwa kadi ya zawadi, si kwa kadi ya benki. Kikiisha kimeisha. Akitaka kukitumia chote siku ya kwanza kwa vazi moja, ni uamuzi wake, na siulizi. Nilichogundua ni kwamba tangu fedha ziwe zake, anangoja siku nzima kabla ya kununua, na mara nyingi kitu kinampita bila kujuta.

La pili ni muda, kwa sababu ugomvi wa muda huzaa ugomvi wa fedha. Michezo mingi ya mtandaoni haisimamishwi katikati; anayetoka huwaangusha wenzake na huenda akaadhibiwa na mfumo. Ukimwambia “zima sasa hivi” unamtaka awasaliti wenzake. Pangeni kwa idadi ya raundi badala ya dakika, na umwambie mapema kwamba hii ni ya mwisho. Kelele zitapungua, ingawa haziishi.

Mchangiaji wa pili

Hapo kwenye raundi nakubali, maana ndugu huyu amesema jambo ambalo hata mkali kama mimi naweza kulitumia. Lakini niulize: mtoto akishawekewa kikomo, si ataanza kutafuta sarafu za bure mitaani mwa mtandao?

Mleta uzi

Atatafuta, na huko ndiko matapeli wanakomngojea. Tovuti na video zinazoahidi Robux za bure kwa kuingiza jina la akaunti na nenosiri, au kwa kujaza fomu na kupakua programu, ni za wizi. Sarafu hutoka kwa kampuni yenyewe, hakuna mtambo wa nje unaoweza kuizalisha. Akaunti ya mtoto iwekewe uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na namba ya kuthibitisha, na barua pepe iliyosajiliwa iwe ile ambayo mzazi anaifungua, ili risiti na taarifa za kuingia kwa kifaa kipya zimfikie yeye. Mwambieni pia kwamba akishatapeliwa aje kusema siku hiyohiyo bila kuogopa, kwa kuwa akaunti iliyoibiwa huokolewa kwa urahisi zaidi mapema, na mtoto anayeogopa adhabu hukaa kimya wiki nzima huku mwizi akinunua.

Mchangiaji wa tatu

Nimerudi kutoa taarifa. Nilituma ombi upya nikichagua sababu ya mtoto kununua bila ruhusa, nikaambatanisha risiti, na sehemu kubwa ya malipo imekubaliwa kurudishwa; yale ya zamani zaidi yamekataliwa. Nimefuta kadi kwenye duka, kwenye kivinjari na ndani ya mchezo wenyewe, ambako kwa kweli sikujua kama ilikuwapo. Sasa nina swali la mwisho: kishikwambi ni kimoja, watoto ni wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine 13. Je, watumie akaunti moja ya mtoto?

Mleta uzi

Hapana, dada. Kila mmoja awe na yake. Wakishiriki moja, itakubidi uchague kikomo cha mkubwa, kinachomwachia mdogo mengi mno, au cha mdogo, ambacho mkubwa atakikwepa kwa kuomba akaunti ya rafiki yake. Kama kishikwambi ni cha Android, kagua kwanza kama kinaruhusu watumiaji zaidi ya mmoja. Vingi huruhusu, na kila mmoja ataingia kwenye eneo lake kwa namba yake ya siri. Kama ni iPad ya kawaida ya nyumbani, hairuhusu watumiaji wawili, kwa hiyo isajili kwa akaunti ya mdogo, na mkubwa aingie kwenye akaunti yake mwenyewe ndani ya kila mchezo, huku maombi yote ya kununua yakija kwako. Namba ya siri ya mipangilio ya mzazi isiwe mwaka wa kuzaliwa wa yeyote hapo nyumbani, maana huo ndio wanaoujaribu kwanza.